Mbele ya Foleni Nzima

Nguzo za umeme kati ya Ubungo na Mwenge zina karatasi zilezile: nguvu za kiume, namba ya simu, siri inatunzwa. Mjomba wangu alipiga moja ya namba hizo. Kabla ya hapo alikuwa amewashwa sehemu za siri miezi mitatu, akanunua dukani krimu yenye steroidi. Muwasho ukapoa, fangasi wakaendelea kusambaa, maana steroidi hutuliza ngozi huku ikidhoofisha kinga yake. Kisha uume ukagoma kusimama. Akaletewa unga wa kuchanganya na asali.

Hakuna aliyemtoboa kidole apime sukari! Ikizidi kwenye damu, sukari huingia hadi kwenye mkojo, na fangasi aina ya kandida hupenda penye sukari, joto na unyevu. Asiyetahiriwa huathirika zaidi, ila aliyetahiriwa asijidanganye. Sukari hiyohiyo huharibu mishipa ya damu. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile mikubwa ya moyo 3 hadi 4, na mwembamba huanza kuzidiwa. Ndiyo maana uume unaweza kutoa taarifa miaka kadhaa kabla kifua hakijabana.

Taarifa hiyo sisi tunaifanya kichekesho. Nimekaa na wenzangu wa shahada ya uzamili tukicheka vumbi la Kongo hadi machozi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake presha yake. Na hizo dawa ziitwazo za asili, baadhi zimekutwa na sildenafili isiyoandikwa popote. Mgonjwa wa moyo anayetumia naitreti akiimeza, presha inaweza kushuka hadi imuue.

Watetezi wa biashara hii husema hospitali zenyewe ndizo zinazowafukuza wanaume. Hapo siwabishii. Mjomba alikwenda zahanati mara moja. Dirishani akaulizwa, mbele ya foleni nzima, "Baba, unaumwa nini?" Akajibu, "Malaria." Akapimwa malaria, hana, akarudi nyumbani.

Kisukari kiligundulika kwa sababu ya kidonda cha mguu kisichopona, kwa kuwa mguu hauna aibu. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Daktari akauliza kama kuna dalili nyingine zilizotangulia. Mjomba akanyamaza, akanitazama. Nikatoka nje.