MUTAMAIYU UKIPASUKA, NANI ALIPE?



Mwisho wa mwezi uliopita wenzetu wawili wa karakana moja hapa Kitengela walipokea mshahara uliopunguzwa theluthi moja. Walipouliza sababu waliambiwa ya kuwa meza mbili za mutamaiyu walizozitengeneza zimepasuka nyumbani kwa mnunuzi, na kwa hiyo hasara ni yao. Mmoja wa wenzetu hawa ameshika randa zaidi ya miaka ishirini. Alipojaribu kueleza kwamba mbao zilikuwa mbichi, bwana wa kazi alimjibu kwa methali: "Mchagua jembe si mkulima."

Methali ni njema, lakini imewekwa mahali pasipo pake. Ni kweli mkulima hodari halaumu jembe. Lakini hatujapata kusikia mkulima aliyetozwa fedha kwa sababu tajiri wake alimpa mbegu zilizooza akapande. Jembe ni jambo moja, na mbegu ni jambo jingine. Randa, patasi na msumeno ni majembe yetu, na hayo twayajua. Mbao ndizo mbegu, na mbao hazikununuliwa na fundi. Zilishushwa kwenye lori siku ya Jumatatu, msumeno ukapita ndani yake ukatoka umelowa, na Ijumaa zilikuwa meza zilizopakwa vanishi. Basi na tuutazame mti wenyewe, maana mti hausemi uwongo.

Mutamaiyu ni ndugu wa mzeituni ule wa nchi za Bahari ya Kati. Wamaasai huuita oloirien. Hapa Kitengela penyewe, kwenye uwanda wa udongo mweusi, si mti wa kawaida. Lakini katika Wilaya ya zamani ya Kajiado, ambayo tangu 2013 ina serikali yake ya kaunti, waonekana penye miinuko, kama vile milima ya Ngong na ile ya upande wa Namanga. Ni mti unaokua polepole sana. Shina lake mara nyingi limepinda, lina mifereji, na ukilipasua huenda ukakuta lina uwazi katikati. Kwa hiyo mbao ndefu zilizonyoka ni chache, na anayetaka ubao mpana wa meza moja kwa moja anatafuta mti mkubwa uliokaa miaka mingi.

Rangi yake ni kahawia ya dhahabu yenye michirizi myeusi inayozunguka kama moshi. Ukiupiga msasa vizuri hung'aa hata bila vanishi nyingi. Ni mzito: mita moja ya ujazo iliyokauka huweza kukaribia kilo 1,000, yaani uzito wa maji yenyewe. Ndiyo sababu kipande kibichi ukikitupa katika pipa huenda kikazama. Moyo wake hausumbuliwi upesi na mchwa, na wazee wameutumia kwa nguzo za ua. Kwa kukereza hauna mpinzani: mabakuli, vijiko, michi, vipini vya nyundo na patasi, fimbo, na vipande vya sakafu. Kuni zake huwaka hata zikiwa mbichi, na hilo ndilo balaa lake, kwa kuwa mchoma makaa naye aupenda.

Lakini mti huu una masharti. Hutia msumeno na randa ubutu kwa haraka. Haukubali msumari bila kutobolewa kwanza kwa keekee. Gundi hukataa kushika kama uso wa ubao haukusafishwa na kuunganishwa mara baada ya kupigwa randa. Na sharti kubwa kuliko yote ni hili: mutamaiyu hautaki kukaushwa kwa pupa.

Kila fundi ajua hayo kwa mikono yake, lakini si vibaya kueleza sababu, ili mwanachama akisimama mbele ya Afisa wa Kazi aweze kuzieleza. Mti ulio hai umejaa maji. Ukikatwa, maji huanza kutoka, na mti hunywea. Haunywei sawa kila upande: kwa urefu hunywea kidogo mno, kwa upana hunywea zaidi, na kwa kufuata mviringo wa shina hunywea zaidi ya hapo. Tena sehemu ya nje hukauka mbele ya sehemu ya ndani. Nje inajikaza, ndani bado imevimba, na kitu hakiwezi kujikaza juu ya kitu kilichovimba bila kupasuka. Kwa mti mwepesi maji hutoka upesi na tofauti si kubwa. Kwa mti mzito kama mutamaiyu maji hutoka kwa shida, na mpasuko huanzia ncha za ubao au katikati ya shina, kisha hukimbia.

Ndiyo sababu mafundi wa zamani walisema mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi moja ya unene, na kwa miti migumu walikuwa hawaoni haya kungoja zaidi. Mbao za vyombo vya ndani katika nchi hii ya juu yafaa zibaki na maji sehemu 12 hivi katika 100. Hakuna vanishi wala rangi iwezayo kushika mahali pa muda huo. Vanishi hukawiza tu aibu mpaka chombo kifike kwa mnunuzi. Upepo wa Kitengela na jua la mwezi wa pili humaliza shauri.

Basi twauliza: katika mambo hayo yote, kosa la yule mwenzetu liko wapi?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 imekwisha lijibu swali hili. Kifungu cha 19 chamruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa, ikiwa uharibifu huo umetokana na kosa alilolifanya mfanya kazi kwa makusudi. Someni tena maneno hayo, ndugu: kwa makusudi. Fundi aliyeambiwa na bwana wake, "Tengeneza meza na mbao hizi, mteja anangoja," akatengeneza, hakuharibu kitu kwa makusudi. Na hata pale makato yanapokuwa ya halali, kifungu hicho hicho kinasema jumla ya makato yote isizidi theluthi mbili za mshahara. Fundi aliyeajiriwa ni mfanya kazi, hata akilipwa kwa kipande. Hageuki kuwa mshirika wa biashara siku ya hasara tu, na siku ya faida akarudi kuwa kibarua.

Sasa yafaa tuwatendee haki na waajiri. Wanasema mteja wa leo hangoji mwaka, na fedha iliyolala kivulini katika mbao ni fedha iliyokufa. Maneno haya si ya uwongo. Wenye karakana ndogo kando ya barabara ya Namanga hawana mtaji wa kuweka mbao miezi kumi na miwili. Wengi wao walikuwa wafanya kazi kama sisi, na baadhi ya wanachama wetu wamejiajiri wenyewe katika jua kali na wanafanya yale yale. Lakini kama biashara ya mbao mbichi ni bahati nasibu, basi anayechukua faida ndiye achukue na hasara. Na kama hasara imewachosha, dawa iko. Karakana tano au sita zikishirikiana zaweza kujenga banda moja la kukaushia: paa la mabati, pande wazi kupitisha hewa, mbao zimepangwa juu ya vijiti ili zisigusane, ncha zimepakwa rangi au nta ili maji yasitoke hapo kwa kasi. Kujua kama ubao umekauka hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Pima kipande kimoja kwa mizani kila juma, uandike. Siku uzito utakapoacha kupungua, ubao uko tayari kwa hewa ya hapa.

Nasi pia tujitazame. Wako miongoni mwetu wanaoona ufa kabla chombo hakijatoka karakanani, wakaujaza kwa gundi na vumbi la mbao, wakapitisha msasa, wakanyamaza. Huo si ufundi, na chama hakiwezi kumtetea mtu kwa jambo hilo kwa moyo mkunjufu. Ukiona ubao mbichi, sema. Ukikataliwa, andika tarehe na maneno uliyosema, na mwenzako atie sahihi. Karatasi moja ya namna hiyo ina nguvu kuliko kelele za watu ishirini.

Kuna jambo la pili, nalo ni vumbi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa wanadamu, hasa saratani ya pua, na vumbi la miti migumu ndilo lililoshuhudiwa zaidi. Mutamaiyu ni mti mgumu, na msasa wake hutoa unga laini kama wa mahindi uliosagwa mara mbili. Tumewaona vijana wakikereza mabakuli kutwa nzima wamejifunga kitambaa cha shati usoni. Kitambaa si kinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kukinga penye kazi yenye kitu cha kudhuru. Kuomba kinga ya pua si kuomba hisani.

La tatu ni miti yenyewe. Wachongaji wa Kikamba, ambao ufundi wao wa biashara ulianza Wamunyu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walianza kwa mpingo. Mpingo ulipokuwa adimu walihamia muhugu na mutamaiyu. Hiyo nayo ilipoanza kuadimika, wengi walikwenda kwa mwarobaini, mwembe na jakaranda. Tangu mwezi wa kwanza wa 2017 mpingo wauzwa nje ya nchi kwa masharti ya mkataba wa mataifa. Huku kwetu msandali uling'olewa na mizizi yake mpaka Serikali ikaupiga marufuku mwaka 2007. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii ulisimamishwa. Julai 2023 Rais akatangaza kuondoa amri hiyo, na shauri likapelekwa mahakamani. Kila mara mlango ulipofungwa ghafula, aliyepoteza kazi kwanza ni fundi, wala si mwenye lori.

Kwa hiyo tusijifanye hatujui lori la usiku latoka wapi. Wazee wa Kimaasai wanaotuuzia maziwa hapa sokoni wana haja na oloirien. Kina mama wao husafisha vibuyu kwa kijinga cha mti huo, maziwa yakanukia na kukaa bila kuharibika. Ukikatwa mti wa mlimani bila ruhusa, jirani ameibiwa, na fundi naye ameibiwa kazi ya mwanawe. Ubao wa halali una karatasi ya kuusafirisha kutoka idara ya misitu. Karakana iulize karatasi hiyo kama inavyouliza bei. Na mutamaiyu wapandika: kokwa yake ni ngumu, hupasuliwa kidogo au kulowekwa kabla ya kusiwa, na mti ukikatwa vizuri kisiki huchipua. Hatutauvuna sisi, lakini hata huu tunaoukereza leo hatukuupanda sisi.

Basi maoni yetu ni haya. Makato ya wenzetu wawili yarudishwe yote. Karakana ziweke daftari la mbao linaloonyesha siku mbao zilipoingia na siku zilipotumika, na fundi mkuu awe na haki ya kukataa ubao mbichi bila kupoteza siku yake ya kazi. Kinga za pua zitolewe. Wenye karakana waitwe tuzungumze nao habari ya banda la pamoja, na chama kiwe tayari kutoa siku za kazi za kulijenga. Mkutano wa tawi ujao utaliangalia jambo hili kwanza kabla ya mengine, na kila mwanachama mwenye karatasi ya makato kama hayo aje nayo.

Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Gogo la mutamaiyu haliinuliwi na mtu mmoja, hata awe na mabavu ya namna gani. Yule mwenzetu alisimama peke yake mbele ya meza ya bwana wake, akashindwa kwa methali moja. Siku ya mkutano asisimame peke yake.