Ni Dume Ama Jike?

Watu tisa wamenipigia simu mwezi huu kuhusu watoto ambao hawajazaliwa. Hakuna aliyeuliza mama yao anaendeleaje. Hakuna aliyeuliza wataacha kunyonya lini ama watachanjwa nini. Wote tisa walianza na swali moja, kana kwamba walikaa kikao wakakubaliana: "Boss, kuna dume?"

Mbwa wangu anaitwa Chapo. Jina lilitokana na rangi yake, ile ya chapati iliyosahaulika kwenye moto kidogo. Ana miaka miwili na nusu. Tunaishi naye Kangemi, kwenye ploti ambayo mwenye nyumba anaruhusu mbwa mradi kodi isichelewe. Leo ni siku ya 58 tangu apandwe, na mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, mbili tatu mbele ama nyuma. Kwa hivyo naandika haya kipimajoto kikiwa mezani, sikio moja likiwa kwenye kona ambako Chapo ameanza kukwaruza magazeti.

Wacha nikiri mapema, kabla hamjanianika: mimba hii haikuingia kwa bahati mbaya. Nilipiga hesabu. Watoto sita mara elfu nane ni 48,000, na mwezi huo kodi ilikuwa imeniuma. Nikaongea na jamaa wa Mountain View mwenye German Shepherd mzuri, masikio wima, kifua hiki hapa. Pesa hakutaka. Alitaka achague mtoto mmoja wa kwanza. "Dume, lakini," akasema. Nikasema sawa. Sikushtuka hata kidogo.

Kujitayarisha, kwa maana ya kawaida, si kazi ngumu. Nilitafuta mbao kwa fundi, nikaunda sanduku pana la kumtosha Chapo kujinyoosha mzima, kuta zikiwa za kuzuia watoto lakini si za kumzuia yeye kutoka. Ndani nimezungusha ubao mwembamba ukutani, kimo cha kiganja kutoka chini, ili mtoto akibanwa kati ya mama na ukuta apate pa kupumulia. Magazeti ya zamani nilinunua kwa kilo mjini, halafu nikapitia City Market kuulizia mabaki ya nyama. Mwenye bucha akauliza ni ya nani. Nikamwambia mbwa wangu karibu atazaa. Akafunga mfuko, akanipa, akatabasamu: "Niwekee dume, kijana." Huyo ni wa kumi, basi tu hana namba yangu.

Chakula pia kina utaratibu wake. Wiki tatu za mwisho tumbo limejaa watoto na nafasi ya ugali imepungua, kwa hivyo anakula kidogo kidogo, mara nne kwa siku, chakula chenye nguvu. Kuna mtu atakushauri umpe vidonge vya kalisiamu. Usimpe bila daktari. Mwili unazoea kupewa, unasahau kujitolea wenyewe, na akianza kunyonyesha anaweza kupata degedege. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, ama ute wa kijani ukitangulia kabla ya mtoto wa kwanza, hiyo si saa ya kuuliza grupu la WhatsApp. Hiyo ni saa ya kuwa tayari na namba ya daktari wa mifugo na nauli ya teksi.

Na ni Julai. Nairobi ya Julai mnaijua. Mtoto wa mbwa hawezi kujipasha joto wiki mbili za kwanza, na stima yetu hupotea ikijisikia. Nimeweka chupa za plastiki za kutia maji moto, nizifunge kwa fulana kuukuu. Jirani alinishauri niingize jiko la makaa. Mama, asante, lakini jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa litatumaliza mimi, Chapo na watoto wote kabla ya asubuhi.

Basi sanduku liko, magazeti yako, chupa ziko. Kila mtu anayepita mlangoni ananisifu: umejipanga, boss. Hapo ndipo nataka tugombane. Vitu vyote hivi ni maandalizi ya usiku mmoja. Mbwa anaishi miaka kumi, wengine zaidi. Maandalizi ya miaka hiyo ni nyumba, na nyumba sikuwa nayo hata moja. Nilikuwa na simu tisa.

Juzi tulipanda matatu hadi kwa daktari, Chapo akapigwa picha. Tuliona migongo sita, sita vidogo kama zipu. Picha haionyeshi nani ni dume na nani ni jike. Lakini kila mtoto ana nafasi karibu sawa ya kuwa huyu ama yule, kwa hivyo tarajia watatu kwa watatu, ama wanne kwa wawili upande wowote. Wateja tisa kwa madume watatu. Kwa majike watatu, sufuri.

Sasa niambie, majike huenda wapi Nairobi?

Mnajua. Mmeona ile katoni kando ya Ngong Road, foleni ikiwa imesimama, kijana anamwinua mtoto wa mbwa hadi kwenye dirisha la gari kama anauza miwani. "Wiki nane, madam, amechanjwa." Hana wiki nane. Miguu bado inatetemeka, meno ndiyo kwanza yanachomoza. Madume huisha mchana. Jioni wanabaki wasichana, bei inashuka, halafu katoni inabaki na wenyewe. Chapo nilimtoa kwenye katoni kama hiyo. Alikuwa wa mwisho. Nilipouliza bei, muuzaji alinitazama kwa huruma akasema, "Huyo ni jike, nipe tu ya chai." Wenzake ambao hakuna aliyewatolea pesa ya chai sikuwaona. Lakini nimewahi kuona gunia likisogea kando ya mto hapa Kangemi, na tangu siku hiyo sina haja ya kuuliza.

Sababu za kumkataa jike nimezisikia zote. Ati dume ndiye mlinzi. Aliyewafukuza vijana waliokuja kunyofoa kioo cha pembeni cha gari la jirani yangu saa nane usiku alikuwa jike wa kilo kumi na nane, na jirani alinunua soda siku iliyofuata. Ati jike huleta fujo, mara mbili kwa mwaka madume wa mtaa mzima wanapiga kambi getini. Hiyo ni kweli. Na dawa yake ni operesheni moja ya kumfunga kizazi, mara moja maishani, bei yake pengine haifiki ya simu iliyo mfukoni mwako. Tumeona rahisi zaidi kutupa kizazi kizima cha majike kila mwaka kuliko kumfanyia mmoja operesheni. Halafu tunashangaa mbwa koko wanatoka wapi.

Kuna wanaosema lazima mbwa azae angalau mara moja ndipo atulie. Hata mimi nilijiambia hivyo, kwa sababu ilikuwa inanifaa. Daktari alicheka. Jike hahitaji kuzaa ili awe na afya, akaniambia, na akifungwa kizazi mapema anaepuka maambukizi ya mji wa mimba na hatari kubwa ya saratani ya matiti. Hiyo "lazima" ni yetu sisi na hesabu zetu za 48,000.

Kuna swali gumu zaidi, na sitalikwepa: watu wanalala njaa mji huu, wewe unalilia mbwa? Na yule kijana wa katoni, unataka ale nini?

Kijana wa katoni simlaumu. Angekuwa anauza maembe kama sisi tungenunua maembe. Ninaowalaumu ni sisi wenye magari kwenye foleni, na sisi wenye majike nyumbani tunaomletea mzigo. Nasema sisi. Na kuhusu binadamu, tuongee kuhusu binadamu. Mbwa anayetupwa Loresho hatabaki Loresho, kule kuna kuta na askari. Atafuata mto, atafuata jalala, atafika kwetu. Atazaa mtaroni, hakuna wa kuchanja. Na karibu kila binadamu anayekufa kwa kichaa cha mbwa ameupata ugonjwa huo kwa kuumwa na mbwa, wakiwemo watoto wengi. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Serikali yetu ilizindua mkakati mwaka 2014 wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na hesabu yake ni nyepesi kuielewa: chanja mbwa saba kati ya kila kumi, kila mwaka, ugonjwa utakosa njia. Mbwa asiye na mwenyewe nani atampeleka kwenye chanjo? Mtoto anayekata njia ya mkato kwenda shule Kangemi ndiye anayelipia jike aliyetupwa na mtu wa geti kubwa. Kwa hivyo usiniambie nichague kati ya mbwa na watu. Katoni ile inawadhulumu wote wawili.

Kwa hivyo wiki iliyopita niliwapigia wote tisa, mmoja mmoja, nikawasomea masharti. Hakuna mtoto atakayeondoka kabla ya wiki nane kamili. Kila mmoja ataondoka akiwa amepewa dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza, na ile ya kichaa cha mbwa nitakukumbusha akifika miezi mitatu, nitakuchosha kwa simu. Ukimchoka baadaye, anarudi kwangu, hatupwi. Na la mwisho: hakuna dume atakayetoka mlangoni kabla kila jike hajapata nyumba. Ukitaka dume haraka, nisaidie kumtafutia dada yake kwao.

Jamaa wa Mountain View alisema nimerukwa na akili. Nilimwambia haki yake iko palepale, lakini foleni ni moja kwa wote. Tumeachana bila kutukanana. Mwingine alisema kwa bei hiyo na maneno hayo yote atajinunulia Ngong Road. Mmoja alikata simu nikiwa bado naongea. Kati ya tisa wamebaki wawili, na mmoja wao, mama wa watoto wawili wa Uthiru, alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Kwani jike ana shida gani?" Nikamwambia hana. Akasema basi amwekee mmoja, na dada yake wa Kinoo atafikiria.

Nyumba mbili, na nusu ya tatu. Migongo ni sita. Zile 48,000 zimeshayeyuka kwenye picha, chakula na chanjo zinazokuja, na wasiopata kwao watakaa hapa nami hadi wapate, mwenye nyumba akinivumilia. Chapo mwenyewe, akishaachisha na kupata nguvu, tunarudi kwa daktari kufunga kizazi. Hii itakuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Wewe mwenye jike nyumbani ambaye umeanza kuzungukwa na maneno ya "mwache azae mara moja tu", fanya jambo moja kabla hujamtafutia dume. Chukua karatasi, andika majina sita ya watu watakaochukua jike. Majina ya watu kamili, walio na kwao, waliokubali kwa midomo yao. Ukikwama kwenye la pili kama mimi, mpeleke afungwe kizazi na ukalale. Na kama unachotaka ni mbwa, si biashara, pale KSPCA barabara ya Lang'ata kuna mbwa wazima wanaongoja watu, majike kwa madume.

Chapo ameacha kukwaruza. Amekataa chakula cha jioni, anahema. Joto la kawaida ni 38 na ushei, na likishuka chini ya 37 basi watoto wako njiani, pengine ndani ya siku moja. Kipimajoto kimesoma 36.8. Nakwenda kubandika maji.