Mambo ya Mabibi: Sketi ya Marinda kwa Yadi Mbili

Mabibi wengi wajuao kutumia cherehani huogopa jambo moja tu, nalo ni mkasi. Mshono mbaya waweza kufumuliwa na kushonwa tena, lakini kitambaa kikisha kukatwa hakirudi, na fedha iliyokinunua ilikuwa na kazi nyingine nyumbani. Kwa hiyo nguo ya kwanza ambayo bibi yafaa ajishonee ni ile ambayo mkasi wake hauwezi kumtia hasarani, na nguo hiyo ni sketi pana ya marinda.

Sketi pana zina historia yake. Mwaka 1947 mshonaji Mfaransa Christian Dior alionyesha mjini Paris nguo zenye kiuno chembamba na sketi zilizokula yadi nyingi za kitambaa. Huko Uingereza watu walinung'unika sana, maana nguo zilikuwa bado zikigawiwa kwa kipimo tangu wakati wa vita, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1949. Hata hivyo mtindo ulienea, na katika miaka ya 1950 ulivaliwa mahali pengi duniani. Hapa Kenya vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha kushona pamoja na kupika na kutunza watoto.

Ziko namna mbili za sketi pana. Moja ni ya mviringo, ambayo hukatwa kama duara lenye tundu katikati. Hiyo huanguka vizuri mno, wala haifanyi kiuno kinene. Lakini yataka hesabu: kipimo cha kiuno hugawanywa kwa 6.28 ili kupata urefu wa kutoka katikati ya duara mpaka ukingo wa tundu. Kiuno cha inchi 28 chataka karibu inchi 4 na nusu. Anayekosea hapo kwa inchi moja tu hupata tundu lililozidi kiuno kwa zaidi ya inchi 6. Tena sketi ya mviringo yenye urefu wa inchi 26, ikikatwa katika kitambaa cha upana wa inchi 45, hutaka yadi 3 na nusu, na vipande vingi vya pembeni havina kazi kubwa. Ikiwa kitambaa kina picha za ndege au majani, upande mmoja ndege watasimama na upande mwingine watalala.

Namna ya pili, ile ya marinda, hukatwa kwa mistari iliyonyoka. Kwa bibi mwenye kiuno cha inchi 28 anayetaka sketi ya urefu wa inchi 26, yadi 2 za kitenge chenye upana wa inchi 45 zatosha. Kabla ya kukata hana budi kukilowesha kitambaa, kukianika na kukipiga pasi, kwa kuwa pamba hurudi, na ni heri irudi ikiwa bado kitambaa kuliko ikisha kuwa sketi. Kisha akate vipande viwili, kila kimoja urefu wa inchi 29 na nusu kwa upana wote wa kitambaa. Nusu inchi ni ya mshono wa juu, na inchi 3 ni za pindo. Picha zote zielekee juu katika vipande vyote viwili. Halafu akate utepe wa upana wa inchi 3 na nusu kwa ajili ya ukanda wa kiuno. Kinachobaki chatosha mfuko.

Vipande viunganishwe mbavuni, na upande wa kushoto uachwe wazi inchi 7 juu kwa ajili ya zipu. Sasa yaja kazi ambayo wengi huiharakisha. Ukingo wa juu ushonwe mistari miwili ya mishono mirefu, mmoja karibu na mwingine, na ncha za uzi ziachwe zikining'inia. Kipande cha mbele kiwe na nyuzi zake na cha nyuma zake, maana uzi mmoja ukivutwa kuzunguka sketi nzima hukatika, na kazi huanza upya. Ukanda na sketi vigawanywe sehemu nne na kutiwa alama. Ndipo nyuzi za chini zivutwe polepole, na marinda yasambazwe kwa vidole mpaka alama zikutane. Yapigwe bandi kwanza, kisha cherehani. Asiyepiga bandi huona marinda yote yamekimbilia upande mmoja, kama ng'ombe mlangoni mwa boma.

Bibi mwenye nyonga pana huambiwa mara nyingi kwamba marinda hayamfai. Si kweli. Badala ya kuyavuta kwa uzi, na ayakunje bapa kwa mpango na kuyashona kutoka kiunoni kushuka inchi 4. Hapo sketi hulala juu ya nyonga na kufunguka chini yake.

Ukanda ukatwe mrefu kupita kiuno kwa inchi 5 hivi, nao utiwe kulabu moja lakini vitanzi viwili au vitatu kwa nafasi. Mwili wa mama haukai katika kipimo kimoja mwaka mzima, na sketi inayomkataa baada ya kujifungua ni fedha iliyolala sandukuni. Kwa sababu hiyo hiyo pindo la inchi 3 lisipunguzwe. Siku sketi itakapopewa binti aliyemzidi mama yake kimo, pindo hilo litafumuliwa. Na ikichakaa kabisa, vipande vyake ni vya pembe nne, vyafaa kuwa gauni la mtoto au pazia la dirisha dogo; jambo ambalo sketi ya mviringo haiwezi.

Katika kuivaa, blauzi nyeupe iliyochomekwa ndani pamoja na mshipi yafaa kanisani na kwenye harusi. Mahali pa baridi kama Limuru, sweta fupi inayoishia kiunoni hupendeza kuliko ndefu, kwa sababu ndefu huyabana marinda na kumfanya mvaaji aonekane mnene. Shimizi ya pamba iliyotiwa wanga kidogo huifanya sketi isimame bila kuongeza yadi hata moja. Jikoni leso ifungwe juu yake.

Sketi ya kitenge ifuliwe kwa maji baridi, igeuzwe ndani nje, na kuanikwa kivulini ili rangi isichuje upesi, nayo itundikwe kwa ukanda wake, wala si kwa pindo.