Kwa walezi wa vijana, ng'ambo zote mbili za Rusizi

Barua kutoka Brussels kwa makatekista, wazazi na viongozi wa vyama vya vijana, Kamembe na Bukavu

Kijana Mkristo anayekulia karibu na mpaka wa Rusizi II, kati ya Kamembe nchini Rwanda na Bukavu nchini Kongo, hutakiwa kuchagua upande kabla hajafikia umri wa kupiga kura. Umeme wa mtambo wa pale hugawanywa kwa Rwanda, Kongo na Burundi tangu 1989, na Kiswahili cha soko la Kamembe kinaeleweka Bukavu bila mkalimani. Siasa ndiyo inayowatenga watu wa pande hizi mbili. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, jina au lafudhi tu humtosha mtu kuhukumiwa.

Ubatizo peke yake haukingi dhidi ya mgawanyiko huo. Katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, mwaka 1994, Watutsi waliokimbilia parokia za Shangi, Nyamasheke na Mibilizi, jimboni Cyangugu, waliuawa hukohuko, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa kama wao. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya Wakristo walioshiriki. Kijana anayefundishwa dini huku akifichwa habari hizi atazipata kwingine, mara nyingi kwa mtu mwenye hasira.

Malezi yaliyofaa yalionekana Buta, kusini mwa Burundi. Baada ya machafuko ya 1993, mkuu wa seminari ndogo, Padre Zacharie Bukuru, aliwaacha wanafunzi Wahutu na Watutsi wayazungumze waziwazi yaliyotokea nchini, kila mmoja akitaja hofu yake mbele ya wenzake. Sala, michezo na ngoma vikawa vya pamoja. Alfajiri ya 30 Aprili 1997 waasi waliingia bwenini wakaamuru makabila yajitenge. Vijana wakakataa, na 40 wakauawa. Wiki chache kabla, 18 Machi, wanafunzi wa Nyange nchini Rwanda walipewa amri ileile wakaikataa vilevile. Watu hupenda kuuita huo ushujaa wa ghafla. Kwa Buta haikuwa hivyo: jibu la alfajiri ile lilichukua miaka zaidi ya mitatu kuandaliwa, na liliandaliwa kwa mazungumzo yaliyokuwa na uchungu. Semina ya siku mbili yenye fulana na bango haiwezi kufanya kazi hiyo.

Majaribu mengine hayaji na bunduki. Floribert Bwana Chui wa Goma, mwanajumuiya wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio aliyewafundisha maibobo, yaani watoto wa mitaani, alikuwa mkaguzi wa bidhaa. Alikataa rushwa ya kupitisha mchele ulioharibika. Akatekwa, akauawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri mjini Roma. Mpakani, ambako magendo huanza kwa mfuko mmoja, habari zake zinastahili kusimuliwa mapema kuliko za watakatifu wa mbali. Lakini kijana mwenye njaa hashibi mfano. Kikundi chenye akiba ya pamoja, ikimina upande wa Kamembe au likelemba upande wa Bukavu, humpa mtaji mdogo wa kumwezesha kukataa.

Ughaibuni nao una lawama yake. Sauti ya WhatsApp iliyorekodiwa Matonge, mtaa wa Brussels, hufika Bukavu dakika hiyohiyo, na aliyeirekodi haogopi kugongewa mlango usiku. Walezi wana haki ya kuwazoeza vijana kuuliza, kabla ya kusambaza: nani amesema, lini, na aliona kwa macho yake? Swali hilo liulizwe hata kama msemaji ni mjomba anayelipa karo.

Wala asiwepo mlezi anayemdai kijana kufa shahidi. Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, nchini Rwanda, aliwavusha watu waliowindwa kuingia Goma kabla hajauawa Aprili 1994. Kumtorosha mtu nako ni imani. Kila kikundi kiamue mapema, wakati hali ingali tulivu, ni familia ipi au parokia ipi itampokea kijana anayetishwa, na nani atamsindikiza. Mchango wa ughaibuni ungefaa zaidi hapo, kwenye nauli, chakula cha wenyeji na karo ya shule mpya, kuliko kwenye ukumbi wenye jina la mfadhili mlangoni.