Zima maghala mengine kwanza, ndipo utie saini

Nilipokuwa darasa la tano, mnunuzi wa butura alikuja nyumbani kwetu Kaisho alfajiri, chai ikiwa bado jikoni. Baba alikuwa amechukua fedha zake mwezi wa kwanza, kahawa ikingali mbichi mtini, ndiyo butura yenyewe, ili kaka yangu aende sekondari. Mavuno yalipofika, baba akapeleka karibu magunia yote chama cha msingi cha ushirika. Hakukusudia kumdhulumu mtu. Alidhani magunia mawili aliyobakiza yangetosha kulipa deni. Hayakutosha. Mnunuzi aliondoka na mbuzi wetu wawili, na mama hakusema neno hadi jioni.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo mara nyingi tangu mwaka 2021, kwa sababu nami nilikuja kuuza kitu kimoja kwa watu wawili. Kahawa yangu mimi ni picha.

Nina studio ndogo Omurushaka. Mchana napiga picha za pasipoti na za harusi. Usiku, bando linapokuwa nafuu, napakia picha kwenye maghala ya mtandaoni, ambako wahariri na watengeneza matangazo wa dunia nzima hununua leseni ya kuzitumia. Wanachonunua kwangu ni maisha yetu ya kila siku: ukungu juu ya Mto Kagera pale Murongo, ng'ombe wenye pembe ndefu wakishuka kunywa maji, lori la ndizi likipakiwa, kahawa ikianikwa kwenye turubai. Leseni moja huleta senti chache, nyingine dola kadhaa. Ukiwa na picha elfu moja zilizopigwa vizuri, ada ya mtoto inapatikana.

Mwezi Juni 2020 Shutterstock, kampuni kubwa ya New York, ilibadili malipo yake. Mpigapicha akaanza kulipwa kwa ngazi, kutoka asilimia 15 hadi 40, na kila Januari mosi anarudishwa ngazi ya chini kabisa hata kama Desemba alikuwa juu. Leseni nyingine zikawa zinamletea senti 10 tu za dola. Wapigapicha wa nchi nyingi walikasirika, na baadhi yao wakazima maghala yao kwa kugoma. Wengine wakageukia mikataba ya kipekee, ambayo huahidi fungu nono kwa anayekubali kuuza kupitia kampuni moja tu. iStock, kwa mfano, iliyo mikononi mwa Getty Images tangu mwaka 2006, humpa asilimia 15 ya mauzo ya picha yule asiye wa kipekee; wa kipekee huanzia 25 na anaweza kupanda hadi 45. Ukiwa na deni la kamera, tofauti hiyo inakunyima usingizi.

Nami nilitia saini na kampuni moja Septemba 2021. Nilikuwa na maghala mengine matatu. La kwanza nilifuta picha zote kwa usiku mmoja. La pili nililizima. La tatu nililisahau: nililifungua mwaka 2017 kwa barua pepe ambayo siitumii tena, na ndani yake mlikuwa na picha 214. Wiki ya nne ukaja ujumbe kutoka kwa kampuni. Wameiona picha ya mama anayechambua kahawa ikiuzwa kwenye tovuti ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia. Kumbe ghala lile la tatu lilikuwa na washirika, na washirika nao walikuwa wanauza. Akaunti yangu ikafungwa kwa miezi minne, na fedha zilizokuwa ndani zikazuiwa. Siilaumu kampuni. Nilikuwa nimetia saini kwamba picha zangu haziuzwi kwingine, na zilikuwa zinauzwa.

Mama wa ile picha ni jirani yetu. Alisaini fomu ya ridhaa, nami nilimwahidi fungu lake kila picha yake inaponunuliwa. Nilipokwenda kumweleza kwa nini fedha zimechelewa, aliacha kuchambua maharage akaniuliza: "Sasa mwanangu, mimi ulimuuzia nani?" Nilishindwa kumjibu.

Nawasikia vijana wa Kayanga na Nkwenda wakisema kampuni ziko mbali, hazitajua. Zitajua. Kompyuta siku hizi haitafuti picha kwa jina lako, inaitafuta picha kwa sura yake yenyewe. Na hata zisingejua, saini ni yako. Mtu aliyekataa butura ya magendo kwenye shamba la baba yake asiifanye kwenye simu.

Kwa hiyo nasema: mwezi wa kuzima maghala utangulie mwezi wa kutia saini, na ikibidi utangulie kwa miezi mitatu. Kuzima ni tofauti na kufuta. Ukizima, picha hazionekani kwa mnunuzi lakini zimebaki na maneno yake ya utafutaji na historia yake. Mkataba mpya ukikushinda, unaziwasha. Mimi nilifuta. Lori la ndizi, picha iliyokuwa ikiuzwa kuliko zote katika ghala lile, niliporudi nalo lilikaguliwa upya na kuanza chini kabisa, nyuma ya maelfu ya malori ya watu wengine. Halijawahi kurudi lilipokuwa. Futa siku ya mwisho, endapo mkataba mpya unadai hivyo, na baada ya kuhakikisha.

Kuna maghala ambayo hayakuachii utoke unapotaka. Dreamstime hudai asilimia 70 ya picha ulizopakia zikae kwao angalau miezi 6. Maghala yenye washirika huchelewa zaidi, kwa kuwa unayebonyeza ni wewe na anayepaswa kuiondoa picha ni mtu wa tatu. Waandikie, utunze majibu yao, kisha utafute picha zako mwenyewe kila wiki mpaka zisionekane dukani. Leseni zilizokwisha kuuzwa ni jambo jingine: aliyenunua mwaka jana ana haki ya kuendelea kuitumia picha, na kuiona kwenye gazeti lake si kosa lako. Usisahau salio. Maghala mengi hayalipi mpaka fedha zifike kiwango walichoweka, na ukifunga ukiwa hujakifika, jasho lako unaliacha kwao.

Hapo bado sijagusa hesabu, na hesabu ndiyo niliyoiruka kuliko yote. Mwaka ule nilikuwa napata kama dola 60 kwa mwezi: 20 kutoka kwa kampuni niliyosaini nayo, 40 kutoka kwa yale matatu. Fungu langu hata likitoka asilimia 15 hadi 25, zile 20 zinakuwa 33. Nilizima dola 40 ili nipate 13. Hata mwanafunzi wa darasa la tatu angeliona kosa langu. Mkataba wa kipekee unamfaa mtu ambaye tayari sehemu kubwa ya mauzo yake inatoka kwa kampuni hiyo hiyo. Watu wa namna hiyo wapo, nao nawapongeza. Anayesitasita anaweza kuanza na kampuni inayokubali upekee wa picha moja moja, kama Alamy ya Uingereza, badala ya kumfunga mpigapicha na kazi zake zote.

Siku hizi makampuni yenyewe yanaungana. Januari 2025 Getty Images na Shutterstock walitangaza kwamba wanataka kuwa kampuni moja. Kadiri milango inavyopungua, ndivyo ahadi ya kuuza kwa mmoja tu inavyozidi kuwa nzito, na ndivyo makosa kama yangu yatakavyomgharimu mtu zaidi.

Baba alimaliza deni lake msimu uliofuata, gunia kwa gunia, na hakuuza tena kahawa ikiwa mtini. Wewe kijana wa Karagwe au Kyerwa ambaye mkataba umefunguka mbele yako kwenye simu, usibonyeze leo. Andika kwenye daftari kila ghala ulilowahi kupakia picha, hata lile uliloacha kulifungua, na mapato ya kila moja kwa mwaka mzima. Kisha njoo na daftari lako Omurushaka, tukae tulipitie pamoja. Sitakutoza.