Kukosekana kwa Kikomo si Cheti cha Usalama

Ipo hoja moja ambayo imezoeleka midomoni mwa wauzaji wa virutubishi vya nyongeza, nayo huhubiriwa kila penye kijana anayetaka misuli na kila penye mtu mzima anayetafuta usingizi. Hoja yenyewe ni hii: asidi amino si dawa, ni sehemu ya chakula, mtu huzila kila siku katika nyama, samaki, maziwa na maharage, wataalamu wakubwa wa dunia walikaa wakashindwa kuziwekea kikomo cha juu, basi tumia kadiri upendavyo, hazidhuru. Kwa kuwa hoja hii huvaa joho la sayansi, na kwa kuwa walimu na watumishi wa umma ndio wanaoulizwa na wanafunzi na jamaa zao, haifai kuachwa ipite bila kujibiwa.

Tuanze na maana ya maneno. Asidi amino ni matofali ambayo kwayo protini hujengwa. Zipo 20 zinazotumika katika ujenzi huo, na kati yake 9 haziwezi kutengenezwa na mwili wa binadamu, hivyo hapana budi zitoke katika chakula. Mtu anayekula ugali kwa maharage huzipata: mahindi yana upungufu wa laisini, maharage yanayo kwa wingi, kimoja kikafidia kasoro ya kingine. Katika mlo wa namna hiyo asidi amino huingia mwilini zikiwa zimefungamana, kwa uwiano, na kwa mwendo wa taratibu kadiri tumbo linavyosaga. Unga wa kopo ni jambo jingine kabisa. Humo asidi moja imetengwa na wenzake, imesafishwa kiwandani, na huchotwa kwa kijiko. Huingia katika damu kwa haraka na kwa wingi ambao mlo wa kawaida hauufikishi.

Mwili hauna ghala la kuhifadhi asidi amino zilizozidi. Ziada huvunjwa, naitrojeni yake hutoa amonia, ambayo ni sumu, na ini huigeuza amonia hiyo kuwa yurea ili figo ziitoe kwa mkojo. Kazi hiyo ina upeo wake. Tena baadhi ya asidi hizi hugombea mlango ule ule wa kuingilia katika ubongo, kwa hiyo moja ikifurika damuni huzizuia nyingine. Wale waliozaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuivunja ipasavyo fenilalanini, ubongo wao huharibika kwa asidi amino hiyo hiyo ya chakula cha kila siku wasipowekewa mlo maalumu tangu uchanga. Basi kusema kwamba kitu ni chakula hakutoshi kukifanya kisidhuru. Chumvi nayo ni chakula.

Lakini tusibishane kwa nadharia tu. Historia imekwisha kutoa somo, na somo hilo lililipiwa kwa maisha ya watu. Mwezi Oktoba 1989 madaktari wa jimbo la New Mexico nchini Marekani walikabiliwa na wanawake 3 wenye maumivu makali ya misuli na ongezeko lisilo la kawaida la eosinofili, yaani aina mojawapo ya chembechembe nyeupe za damu. Wote watatu walikuwa wakimeza vidonge vya triptofani, asidi amino iliyokuwa ikiuzwa huria kwa ajili ya usingizi na kutuliza huzuni. Mwezi Novemba mwaka huo huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliomba vidonge hivyo viondolewe madukani. Hadi hesabu zilipofanywa, watu zaidi ya 1,500 walikuwa wameripotiwa kuugua, na zaidi ya 30 walikuwa wamefariki. Wengine waliopona walibaki na maumivu na udhaifu wa misuli kwa miaka mingi.

Watetezi wa biashara hii wanalo jibu. Wanasema kosa halikuwa la triptofani, lilikuwa la uchafu wa kiwanda kimoja. Tulipime jibu hilo kwa haki. Ni kweli kwamba uchunguzi ulifuatilia vidonge vilivyodhuru hadi kwa kampuni moja ya Japani, Showa Denko, ambayo ilikuwa imebadili aina ya bakteria waliotumiwa kuitengeneza triptofani na kupunguza mkaa wa kuichujia. Lakini je, mnunuzi aliyesimama dukani angelijuaje hilo? Chupa haikumwambia. Kilichomfikia ni neno moja tu: asili.

Aidha, jibu hilo linaficha jambo la pili. Watafiti waliowachunguza watumiaji wa triptofani katika kliniki moja ya South Carolina walionyesha kwamba hatari ilipanda kadiri dozi ilivyopanda. Miongoni mwa watu 38 waliokuwa wakitumia zaidi ya gramu 4 kwa siku za bidhaa iliyohusika, 19 waliugua ugonjwa huo. Yaani nusu kamili. Wakati huohuo, kwa makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, mahitaji ya mtu mzima ni takriban miligramu 4 za triptofani kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ambazo kwa mtu wa kilo 70 ni chini ya theluthi moja ya gramu. Walikuwa wakimeza zaidi ya mara kumi ya mahitaji yao, wala hapakuwa na sheria ya kuwazuia. Kikomo cha dozi kisingeusafisha uchafu ule, lakini kingepunguza kiasi chake kilichoingia katika miili ya watu. Ndiyo sababu twasema kwamba usafi wa bidhaa na kikomo cha dozi ni kinga mbili zinazokwenda pamoja, na anayetumia moja kuikataa nyingine anatetea mfuko wake.

Taifa lililopatwa na msiba wa namna hiyo lingetarajiwa kukaza sheria. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Mwezi Oktoba 1994 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya virutubishi vya nyongeza, ambayo ilizitaja asidi amino waziwazi miongoni mwa bidhaa inazozihusu. Chini ya sheria hiyo mtengenezaji hahitaji kibali cha serikali kuthibitisha usalama wa bidhaa yake kabla ya kuiingiza sokoni; serikali ndiyo inayobebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba bidhaa ni hatari, tena baada ya watu kwisha kuitumia. Kwa maneno mengine, raia ndiye anayefanyiwa majaribio, na gharama za majaribio hayo anazilipa mwenyewe kila anaponunua kopo.

Sasa tuje kwenye kile wanachokiita ushahidi wao. Ni kweli kwamba mwaka 1992 jopo la wataalamu lililofanya kazi kwa ombi la FDA halikuweka kiwango salama cha asidi amino hizi. Ni kweli pia kwamba Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika taarifa yake kubwa ya viwango vya lishe iliyotolewa mwaka 2002, haikuweka kikomo cha juu. Lakini kwa nini? Si kwa sababu asidi hizo zilipimwa zikaonekana hazidhuru. Ni kwa sababu takwimu hazikutosha. Taarifa ya pili ilionya kwamba kutokuwepo kwa kikomo hakumaanishi kutokuwepo kwa madhara, na ikahimiza tahadhari. Muuzaji ameichukua sentensi ya kwanza, akaikata ya pili, akaitundika dukani. Mto ambao kina chake hakijapimwa haugeuki kuwa kijito kwa sababu hiyo.

Wala tusidhani kwamba hatari hujitokeza pale tu palipo na uchafu. Mwezi Januari 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wagonjwa 153 waliokuwa wametoka kupatwa na shambulio la moyo. Nusu walipewa arginini, gramu 3 mara tatu kwa siku. Nusu walipewa vidonge visivyo na kitu. Matumaini yalikuwa kwamba arginini ingelainisha mishipa na kuusaidia moyo. Haikusaidia, na wakafariki wagonjwa 6 katika kundi la arginini, ilhali katika kundi la pili hakufariki hata mmoja. Kuandikisha wagonjwa wapya kulisimamishwa, na watafiti wakashauri kwamba arginini isitolewe baada ya shambulio la moyo. Hesabu ya vifo ni ndogo, lakini ni nani mwenye ujasiri wa kudai yawepo makaburi zaidi ili hesabu yake itimie?

Je, kikomo chaweza kupatikana? Chaweza. Watafiti wa Kanada waliwapa vijana wanaume 5 wenye afya njema leusini kwa viwango vilivyoongezwa hatua kwa hatua, wakapima amonia katika damu. Mwaka 2012 walitangaza kwamba amonia hupanda isivyofaa leusini inapozidi miligramu 500 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 35 hivi kwa mtu wa kilo 70. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2016 uliona kwamba kwa wanaume wazee kiwango hicho hushuka hadi miligramu 430 hivi. Hii ni kazi njema. Lakini idadi ya waliopimwa ni ndogo, muda ni mfupi, na hamkuwamo mama mjamzito, mtoto, wala mwenye maradhi ya ini au figo. Gramu 35 ni mahali ambapo mwili wa kijana mwenye afya huanza kulemewa; si pahali pa kumwalika kila mtu akae.

Hapo ndipo busara ya serikali inapohitajika. Mwaka 2019 Taasisi ya Taifa ya Tathmini ya Hatari ya Ujerumani, BfR, ilipendekeza kwamba virutubishi vya nyongeza visizidi gramu 4 za leusini, gramu 2.2 za isoleusini na gramu 2 za valini kwa siku. Wajerumani hawakungoja maiti zihesabiwe. Waliyatazama yanayojulikana, wakaweka nafasi kwa ajili ya yasiyojulikana, wakajenga uzio mbali na ukingo wa shimo. Yule anayetwambia kwamba haiwezekani kuweka kikomo kabla sayansi haijakamilika hana budi atueleze iliwezekanaje kwa wengine.

Jambo hili latuhusu hata sisi, maana biashara hii haijui mipaka, na kopo lililokusudiwa soko la huria la Marekani laweza kufika mkononi mwa kijana wa Dar es Salaam bila kupitia kwa daktari yeyote. Mwaka 2019 sisi pia tulibadili mfumo wetu: usimamizi wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na mamlaka ya dawa ikabaki na dawa na vifaa tiba chini ya jina la TMDA. Mgawanyo huo unataka uangalifu, kwa sababu muuzaji wa bidhaa hizi ana ndimi mbili. Mbele ya mkaguzi husema anauza chakula. Mbele ya mnunuzi husema anauza dawa ya usingizi, ya misuli na ya nguvu. Asipewe nafasi ya kujificha katikati.

Madai yetu si makubwa. Kwanza, mzigo wa uthibitisho ubebwe na anayeuza, kwa kuwa faida ni yake. Pili, kila asidi amino inayouzwa peke yake iwekewe kikomo cha muda kilicho chini, ambacho kitapandishwa pale tu ushahidi utakaporuhusu. Tatu, kopo lieleze kwa Kiswahili kinachosomeka idadi ya gramu, jina la kiwanda, na watu wasiopaswa kuitumia bila ushauri wa daktari: wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na wenye maradhi ya ini, figo au moyo. Nne, tangazo lolote linaloahidi tiba lichukuliwe kuwa tangazo la dawa, na mwenye nalo adaiwe kibali cha dawa.

Sheria pekee haitatosha bila elimu, na hapa ndipo mwalimu anaposhika zamu. Mwanafunzi mwanamichezo aelezwe kwamba gramu 100 za maharage makavu zina protini zaidi ya gramu 20, na kwamba misuli hujengwa kwa mazoezi, chakula na usingizi. Mtumishi wa umma, yule aliyekaa katika meza ya kupitisha viwango na vibali, aelezwe kwamba atakapoletewa karatasi isemayo kuwa hakuna kikomo kilichowekwa, wajibu wake si kugonga mhuri. Wajibu wake ni kuuliza: hakikuwekwa kwa sababu hakihitajiki, au kwa sababu hakuna aliyepima? Asipopata jibu, karatasi hiyo na irudi ilikotoka.