Hoja Nne za Basi, na Majibu Yake

Hoja za kukodi basi la utalii kwa safari yetu ya kiangazi, kutoka Downsview hadi Ghuba ya Georgian hapa Ontario, badala ya kwenda kutembea kwa miguu, mmezisikia, na waliozitoa ni watu tunaowaheshimu. Nitazirudia moja moja bila kuzipunguzia uzito, kisha ninyi mhukumu.

Ya kwanza: basi litatuonyesha mengi kwa siku moja. Orodha yao kweli ina vituo vingi. Lakini Tobermory, mji wa ghuba hiyo ulio kwenye orodha yao, uko takriban kilomita 300 kutoka hapa, karibu saa nne barabara ikiwa shwari. Kwenda na kurudi, tutakaa kitini jumla ya saa nane. Ukitoa muda wa chakula na foleni ya choo, kila kituo kinabaki na dakika za kupiga picha. Isitoshe, Grotto, pango wanalolitaja mbele ya yote, halifikiwi kwa basi: kutoka maegesho ni mwendo wa miguu msituni. Kisiwa cha Flowerpot nacho ni boti, kisha miguu. Vivutio vyao vikuu ni vya watembeaji, nao wametenga muda mdogo wa kutembea.

Ya pili: kutembea ni kwa vijana wenye nguvu. Hapa wana sehemu ya haki. Mzee mwenye magoti mabovu asilazimishwe. Lakini wanazungumza kana kwamba tunaalikwa kupanda Kilimanjaro. Njia ya Bruce, njia ya watembeaji iliyofunguliwa mwaka 1967, ina urefu wa takriban kilomita 900 kutoka Queenston hadi Tobermory, na kilele chake hakifiki mita 600. Moshi mjini pako juu zaidi. Unaingia unapotaka, unageuka ukichoka. Ratiba ya basi ndiyo isiyomsubiri mzee.

Ya tatu: kutembea ni ghali, kunahitaji gari na vifaa. Kituo cha Downsview Park kiko mtaani kwetu. Treni ya GO ya Barrie inapita hapo na kuishia Allandale Waterfront, kando ya Ziwa Simcoe, na ufuko wa kutembea uko jirani na kituo. Viatu imara, maji na koti vinatosha kuanzia. Anayelalamikia gharama hizo hawezi papo hapo kuitaka kila familia ilipie viti vya ziara.

Ya nne: ni hatari, watu watapotea, kuna kupe. Kupe wapo Ontario, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Vaeni suruali ndefu, mkaguane mwili jioni. Kuhusu kupotea, Njia ya Bruce ina alama nyeupe zilizopakwa kwenye miti, na alama mbili pamoja huonya kwamba njia inakata kona. Hatari kubwa ni haraka: watoto wakikimbizwa juu ya miamba yenye maji kwa sababu dereva anasubiri. Haraka hiyo inatoka kwenye ratiba yao wenyewe.

Hukumu ninayoomba ni hii: basi litufikishe, lisiwe ndiyo safari. Tuchague mahali pamoja, tushuke asubuhi, wazee wakae ufukweni, wengine tutembee hadi alasiri. Anayetetea orodha ndefu aje kikaoni atuambie ametenga dakika ngapi kwa kila kituo.